Retro ya mchezo: watu wanacheka, halafu hakuna kinachobadilika

*"Nasimamia timu ya watu wanane: watengenezaji programu watano, mpimaji mmoja, mbunifu mmoja na mimi. Sita tuko Dar es Salaam, wawili wanafanya kazi kutoka Mwanza. Tunatengeneza mfumo wa kusimamia akiba ya bidhaa kwenye maduka ya dawa. Kila baada ya wiki mbili tunafanya retro, yaani kikao cha kutazama nyuma kazi ilivyokwenda, na kila mara naambulia 'tuko vizuri' na kimya. Nikashauriwa niweke mchezo, nikaweka wa mpira: kadi za njano, kadi nyekundu, mfungaji bora, kipa bora. Watu walicheka sana. Wiki iliyofuata makosa yaleyale yakarudi, na kijana aliyepewa kadi nyekundu hajanisemesha vizuri tangu siku ile. Mwandamizi wetu anasema michezo ni utoto. Sasa mkurugenzi naye anataka kuhudhuria kikao kijacho. Niendelee au niache?"*

Endelea, ila badilisha mchezo na uupunguzie majukumu. Umeuliza swali moja, lakini ndani yake kuna shida tatu zilizofungwa kwenye furushi moja: watu hawasemi, wakisema, kuna anayeumia, na kilichosemwa hakigeuki kuwa kazi. Mchezo unaweza kusaidia ile ya kwanza. Ya pili unaweza hata kuisababisha, kama ulivyoona. Ya tatu hauiwezi kabisa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakasema michezo haifai.

Kabla ya yote, nenda kamwone yule kijana. Iwe mkiwa wawili, kabla ya kikao kijacho, na umwombe radhi bila kueleza kwamba ulikuwa utani. Utani wa mkubwa mbele ya wenzake haupokelewi kama utani. Usisubiri kufanya hivyo kikaoni, maana utamrudisha jukwaani mara ya pili.

Sasa tuanze na kimya. Msimamizi akikiona hudhani watu wana aibu, wanahitaji kuchangamshwa. Mara nyingi wamepiga hesabu tu. Mtu anajiuliza: nikisema kwamba sehemu ya malipo ilichelewa kwa sababu mahitaji yalibadilishwa mara mbili katikati ya kazi, nitamgusa nani? Aliyebadilisha amekaa hapo mbele yangu. Na nikishasema, kitafanyika nini? Kama vikao vilivyopita alisema na hakuna kilichofuata, "tuko vizuri" ndilo jibu la mtu mwenye akili. Vicheko haviigusi hesabu hiyo hata kidogo. Kinachoigusa ni kuona jambo alilolisema limeingia kwenye orodha ya kazi na limekamilika.

Taswira ya mchezo ina kazi moja ya maana: kumpa mtu namna ya kutaja tatizo bila kutaja mtu. Mpira unashindwa hapo kwa sababu umejengwa juu ya kuhukumu watu. Kuna mwamuzi, kuna aliyekosa penalti, kuna anayetolewa dakika ya 60. Ukiileta kadi nyekundu ofisini itatafuta mtu wa kumwangukia, kwani haijawahi kupewa nyasi wala goli. Hata "mfungaji bora" ni hukumu, maana waliobaki wamesikia kwamba wao sio. Halafu kuna Simba na Yanga, na timu yako inagawanyika hata kazi haijaguswa.

Kwa hiyo unapochagua taswira, kagua mambo matatu: watu wote wawe upande mmoja, kuwe na mahali pa kufika, na vikwazo viwe vitu. Shamba linafaa, lina mvua, magugu na wadudu. Daladala inaonekana nzuri mpaka mtu aulize konda ni nani. Kwa timu yako ningechagua jahazi. Chombo baharini ni taswira ya siku nyingi katika fani hii. Luke Hohmann, mwandishi wa michezo ya kazi ya namna hii, aliitumia kama mchezo wa kuwauliza wateja ni nini kinachoizuia bidhaa, boti ikiwa imechorwa na nanga zake, kisha timu za programu zikaichukua kwa ajili ya retro. Sisi tuna faida ya kuwa na chombo chetu chenye majina yanayojulikana.

Chora jahazi kwenye karatasi mbili za bango kitita zilizobandikwa pamoja. Usitafute uzuri, dakika mbili na makapeni moja zinatosha. Juu kulia andika bandari, yaani lengo la wiki hizo mbili, kwa sentensi moja unayoijaza mwenyewe kabla watu hawajaingia, kwa mfano "maduka kumi yanapokea malipo ya simu bila kusahihishwa kwa mkono". Kisha weka sehemu nne tu za kubandika vikaratasi. Tanga ni kilichotusukuma. Nanga ni kinachotuzuia. Mwamba ni hatari tunayoiona mbele. Na ngama, chini kabisa ya chombo, ni maji tunayoyafua, yaani tunayoyachota na kuyamwaga, kila wiki.

Hiyo ya ngama haimo kwenye boti nyingi za kigeni za mchezo huu, na ni hasara. Kufua maji ni kazi ambayo haionekani kwenye ripoti, maana chombo hakizami. Lakini baharia anayefua hana mkono wa kuvuta kamba. Kwenye mradi wako huyo ni mtu anayerekebisha kila Jumatatu hesabu za akiba zilizokataa kulingana, au anayewasha seva upya usiku bila kumwambia mtu. Ukiuliza "nini kilikwenda vibaya?" hatataja hayo, kwa sababu kwake hayajaharibika, ameyazoea. Ukiuliza "tunafua maji gani?" atayataja mwenyewe. Sehemu hii pekee inaweza kukulipa kikao kizima.

Kwenye nanga jiandae. Ukiwa na mtu wa pwani atakuambia kwamba nanga si adui, bila nanga chombo kinapelekwa na mkondo. Ana haki, na usimkatishe. Gawanya nanga mbili: ile tuliyoitia wenyewe kwa sababu, kama kupitiwa msimbo (maandishi ya programu) na mtu wa pili kabla haujaenda kwa wateja, na ile iliyosahaulika kung'olewa, kama idhini ya watu watatu iliyowekwa mwaka juzi kwa mteja ambaye hayupo tena. Ya kwanza inabaki hata kama inapunguza mwendo. Ya pili ndiyo ya kuzungumza.

Usiongeze papa, maharamia, mnara wa taa wala kisiwa cha hazina. Kila sehemu unayoongeza inazaa mjadala wa kipuuzi: hiki kikaratasi ni papa au ni mwamba? Sehemu zikifika sita au saba watu wanaanza kucheza na mchoro badala ya kuzungumza kazi. Na usigawe vyeo. Ukisema nani ni nahodha umerudi kwenye kadi nyekundu kwa mlango wa nyuma.

Nyuma ya mchoro kuna mpangilio wa kawaida, ule wa hatua tano ambao Esther Derby na Diana Larsen waliuandika kwenye kitabu chao cha retro mwaka 2006: kufungua, kukusanya taarifa, kuchimba sababu, kuamua, kufunga. Jahazi linafanya kazi kwenye hatua ya pili, na kidogo kwenye ya tatu. Yaelekea kwenye kikao chako cha mpira hatua ya pili ilikula muda wote, na kuamua kukabaki na dakika za kufungia begi. Mwongozo wa Scrum, utaratibu wa kazi unaotumiwa na timu nyingi za programu, unaweka ukomo wa saa 3 kwa mzunguko wa mwezi mmoja. Kwa wiki mbili zako tenga dakika 90, na uzigawe hivi.

Dakika 8 za kwanza soma maamuzi ya kikao kilichopita, moja baada ya jingine, na useme lipi limefanyika na lipi halijafanyika. Usitoe visingizio. Kisha gawa vipande vidogo vya karatasi, kila mmoja aandike kwa siri namba 1 hadi 5: 1 ni "leo nitanyamaza", 5 ni "naweza kusema chochote". Kusanya, zichanganye, andika matokeo ubaoni bila kubahatisha nani kaandika nini, kisha chana vile vipande mbele yao. Kama nusu ya watu wameandika 1 au 2, acha jahazi kwa siku hiyo. Wagawe wawiliwawili kwa dakika 15 wajibu swali moja tu, "ni nini kingefanya iwe rahisi kusema hapa?", na hayo ndiyo yawe kikao.

Namba zikiwa nzuri, dakika 10 zinazofuata ni za kuandika kimyakimya. Kimya hiki kina sababu: mtu wa kwanza kusema, hasa akiwa mwandamizi, anawavuta wengine waseme yanayofanana na yake. Kila mtu vikaratasi visivyozidi vinne, jambo moja kwa kila kimoja, herufi kubwa za kuchapa ili mwandiko usitambulike kirahisi. Wewe mwezeshaji huandiki. Watu saba kwa vikaratasi vinne ni 28, na kila kimoja kikichukua nusu dakika kusomwa ni dakika 14. Ukiachia kila mtu aandike kumi, utamaliza zaidi ya nusu saa unasoma.

Sisitiza kwamba kikaratasi kiandikwe tukio, kisiandikwe sifa. "Mawasiliano mabovu" hakisaidii mtu. "Jumanne saa 3 asubuhi seva ya majaribio ilizimwa, tukajua saa 6" kinasaidia. Kikaratasi cha sifa ukikiona, uliza kwa upole mbele ya wote: lini tuliliona hili mara ya mwisho? Usimtafute mwandishi. Na uwaambie ukweli mapema kwamba kwenye timu ya watu wanane usiri ni nusunusu. Jambo analolijua mtu mmoja peke yake litamtaja tu.

Changanya vikaratasi vyote, visome mwenyewe na uvibandike, ukijipa dakika 17 kwa jumla ili kubaki na nafasi ya maswali ya kuelewa. Kinachoulizwa hapa ni "maana yake nini?", mabishano bado. Dakika 5 za kukusanya vinavyofanana na kupiga kura: kila mtu nukta tatu, anaweza kuziweka zote mahali pamoja. Chukua mawili ya juu. Mengine yaache ubaoni bila aibu.

Dakika 22 zinazofuata, 11 kwa kila jambo, ndizo zenye uzito. Hapa watu wanapenda kuuliza "kwa nini?" mara tano mfululizo. Ni mbinu nzuri kwenye mashine, lakini kwa binadamu "kwa nini" ya nne kwa kawaida inatua kwa mtu: kwa sababu Fulani hakuangalia. Badala yake uliza: ni nini kilichofanya wakati ule ionekane sawa kufanya vile? Norman Kerth, mwandishi mwingine wa kitabu cha retro, aliliweka wazi mwaka 2001: tuchukulie kwamba kila mtu alifanya kadiri alivyoweza kwa aliyoyajua, ujuzi wake, nyenzo alizokuwa nazo na hali iliyokuwepo. Dhana hiyo hailengi kusamehe uzembe. Ukishikilia kwamba mtu alizembea uchunguzi unaishia hapo, na lile lililofanya kosa liwe rahisi linabaki palepale likimsubiri mwingine. Kama malipo yaliyokatika katikati hayakujaribiwa, pengine ni kwa sababu mazingira ya majaribio hayawezi kuiga kukatika kwa mtandao. Hilo ni tobo linalozibika.

Kisha dakika 20 za kuamua, na hapa jahazi linakunjwa tanga. Acha lugha ya mchezo kabisa. "Tuzibe tobo la malipo" litachekesha na halitafanyika. Andika kwa lugha kavu: "Kufikia Alhamisi, mpimaji ataandika majaribio matatu ya malipo yaliyokatika katikati, na yatakuwa yanafanyika kila msimbo mpya unapoingizwa." Jina la mtu mmoja, siku, na kitu kinachoonekana kwa macho. Ukiandika "timu" mahali pa jina, hakuna mwenye kazi. Maamuzi yasizidi mawili, na yaingie kwenye ubao uleule wa kazi za kila siku yakichukua nafasi ya kazi nyingine. Kama wiki mbili zenu zinabeba kazi 20, uamuzi huu uwe ndani ya zile 20. Ukiufanya wa 21 utakuwa wa kwanza kutupwa presha ya mteja ikipanda, na ndivyo makosa yako yalivyorudi. Dakika 8 za mwisho muulize kila mmoja kitu kimoja cha kubadilisha kwenye kikao chenyewe.

Wenzenu wa Mwanza ni mtihani wa peke yake. Watu sita wakikaa chumbani na wawili wakatazama kwenye skrini, wale wawili wanageuka watazamaji. Hawasikii mnong'ono na hawaoni vikaratasi. Kama hawawezi kuja, basi wote wanane muwe mtandaoni, kila mtu na kompyuta yake na vipokea sauti, hata mliopo jengo moja. Inachosha kidogo, ila ni haki. Bango kitita liache. Miro, ubao wa mtandaoni, ni nzuri, lakini ni nzito pale intaneti inapoyumba. Jedwali la Google Sheets lenye safu nne na picha ya jahazi juu yake linatosha. Watu wajaze kwanza kwenye fomu isiyochukua majina, wewe uhamishie kwenye jedwali, ili asiwepo anayesoma ya mwenzake akiwa bado anaandika. Na mkubaliane mapema: mtandao ukikatika, mtu anapigiwa simu na kuwekwa kwenye spika. Kumsubiri dakika 10 kunaua kikao.

Kuhusu mkurugenzi, mwalike kwa dakika 15 za mwisho. Hata akiwa mpole kuliko wote, aliyeshika mikataba ya watu akikaa kwenye kusoma vikaratasi, utapata "tanga" nyingi na ngama kavu. Mweleze waziwazi, kwa heshima: "Mzee, tungependa uje saa tisa na robo, tukuletee maamuzi mawili na jambo moja tunalohitaji msaada wako. Sehemu ya mwanzo tunaifanya sisi wenyewe ili watu waseme yote." Wakubwa wengi hukubali wakipewa kazi ya kufanya, kuliko wakiambiwa wasije. Akishikilia kuwepo tangu mwanzo, waambie timu kabla ya siku yenyewe, asipige kura, na zile namba za siri ziamue kama jahazi linachorwa au la. Usimpelekee picha ya ubao wenye vikaratasi. Mpelekee maamuzi tu.

Mwandamizi wako ana nusu ya ukweli. Kuvalishwa kofia, kuimbishwa na kulazimishwa kuchekesha kweli ni utoto, na wapo watu wazima ambao hawatarudi baada ya hapo. Jahazi halidai lolote katika hayo. Mpe orodha ya sehemu nne kwa lugha ya kawaida: kilichosaidia, kinachorudiarudia, kinachozuia, hatari iliyo mbele. Aandike hivyo bila kutaja tanga wala ngama, hakuna kinachoharibika. Mwombe kitu kimoja tu, faragha: kwenye kuchimba sababu aongee wa mwisho. Umwambie na sababu, kwamba neno lake ni zito na wadogo wakishalisikia wanafunga midomo. Wengi wanaopinga michezo huchukia kupotezewa muda, na dakika 20 za maamuzi zitamjibu vizuri kuliko maelezo yako.

Usibadilishe taswira kila kikao kwa hofu ya kuchosha. Mara ya kwanza watu wanajifunza mchezo, mara ya pili na ya tatu ndipo wanautumia. Badilisha pale vikaratasi vinapoanza kufanana na vya zamani neno kwa neno. Hata hapo angalia kwanza kama havifanani kwa sababu hamjayatatua.

Kuna nyakati mchezo haufai kabisa: mwenzenu amefiwa au anaumwa sana, watu wamepunguzwa kazi, mishahara imechelewa, au hitilafu imewatia wateja hasara kubwa. Hapo kaeni, zungumzeni kawaida, na mfupishe. Kuchora jahazi siku hiyo kunasomeka kama dharau.

Na kuna mambo ambayo hata retro bora haiyawezi. Ukisikia unyanyasaji, matusi, lugha ya kimapenzi isiyotakiwa, au ubaguzi wa kabila au dini, usiuweke kwenye kikaratasi wala usiupigie kura. Simamisha mada hiyo, zungumza na mhusika faragha na umsindikize kwa afisa utumishi. Wawili wakiwa na ugomvi wao, wakutanishe pembeni na mtu wanayemwamini wote. Na kama vikao vitatu vimepita kwa mpangilio huu, maamuzi yanatekelezwa, lakini namba za siri bado ni 1 na 2, basi huenda unayeogopwa ni wewe. Ni vigumu kuligundua hilo ukiwa umeshika makapeni. Mwombe msimamizi wa timu nyingine aje kuendesha kikao chenu ana kwa ana, wewe ukae nje hadi hatua ya kuamua, nawe ukaendeshe cha kwake. Kama kampuni yenu haina timu nyingine, tafuta mwezeshaji wa nje kwa nusu siku, na safari hiyo walipieni wa Mwanza nauli waje.